Faili la teja liende wapi: polisi au zahanati?

SWALI: Shemeji yangu amerudi kutoka Lisbon na habari kwamba Ureno wamehalalisha dawa zote za kulevya, hata unga (heroini), na matatizo yameisha. Sisi hapa Kisauni tuna kijana wa kaka yangu, miaka 26, ameshikwa na kete (kipakiti kidogo cha dawa) mara mbili. Mara ya pili alikaa rumande wiki tatu, akatoka hoi kuliko alivyoingia. Shemeji anasema tuwaunge mkono wanaotaka sheria ibadilishwe. Kaka yangu anasema wakilegeza kamba tu, mtaa mzima utakuwa maskani ya mateja. Nani yuko sahihi? Na huyu kijana tumfanyie nini wakati wakubwa wanabishana? (Mama wa watoto wanne, Mombasa)

JIBU: Dada, shemeji yako ameona jambo la kweli akalipa jina lisilo lake. Lisbon, ukikutwa na kete mfukoni hufungwi, lakini kete inachukuliwa, jina lako linaandikwa na unapewa wito. Kitu halali hakinyang'anywi. Mabishano mengi ya aina hii yangefupika kama watu wangekubaliana kwanza kuhusu maneno, kwa sababu yanatajwa mambo matatu kana kwamba ni moja.

Kuhalalisha ni kuweka kitu dukani: leseni, kodi, kibandiko, umri wa mnunuzi, kama bia. Kanada imefanya hivyo kwa bhangi tangu Oktoba 17, 2018, na mtu mzima anaruhusiwa kubeba hadi gramu 30. Kuondoa jinai ni jambo jingine. Dawa inabaki marufuku na muuzaji anafungwa vilevile, ila mtumiaji hapelekwi kwa hakimu na habaki na rekodi ya uhalifu. Hiyo ndiyo njia ya Ureno. La tatu ni kufumbia macho, kama Waholanzi wanavyofanya na bhangi tangu miaka ya 1970: sheria ipo, mwendesha mashtaka haigusi. Matokeo yake ni kioja. Mteja anaingia kwa mlango wa mbele, ananunua gramu zake zisizozidi 5 na hakuna wa kumuuliza. Mzigo unaoingia kwa mlango wa nyuma wa duka hilohilo, ukiacha miji michache ya majaribio, ni jinai tupu. Ukisikia mtu anasema "wamehalalisha", muulize: ni lipi kati ya haya, na kwa dawa gani?

Sasa Ureno yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990, karibu mtu 1 katika kila 100 alikuwa na tatizo la heroini. Casal Ventoso, mtaa wa Lisbon, watu walijidunga hadharani mchana kweupe. Serikali iliunda tume ya wataalamu mwaka 1998, ikapitisha mkakati mwaka 1999, na sheria yenyewe, Namba 30 ya mwaka 2000, ikaanza kazi Julai 1, 2001. Mmoja wa waliokuwa katika tume hiyo, daktari João Goulão, ndiye aliyekuja kuongoza sera hiyo kwa miaka mingi.

Inavyofanya kazi ni hivi. Polisi akimkuta mtu na dawa, anaichukua na kuipima. Sheria iliruhusu kiasi cha matumizi ya siku 10, na kiasi hicho kiliwekwa kwenye jedwali: heroini gramu 1, kokeini gramu 2, bhangi ya majani gramu 25, hashishi gramu 5. Uzito ukiwa ndani ya hapo na hakuna dalili ya kuuza, mtu anapewa wito wa kufika mbele ya kamati ya wilaya ndani ya saa 72. Kamati ina watu watatu: mmoja mwanasheria, wengine kutoka fani za afya au ustawi wa jamii. Hakuna joho wala kizimba, ni meza na viti. Kabla ya kikao anazungumza na mtaalamu, na swali kubwa linaloulizwa ni moja: huyu ni mraibu, au ni mtu aliyeonja?

Aliyeonja, na hajawahi kufika pale, kesi yake inasimamishwa. Mraibu akikubali tiba, inasimamishwa pia. Akikataa, au akirudi tena na tena, kamati ina adhabu zake: kukatazwa kwenda mahali fulani, kuripoti kwa vipindi, kusimamishiwa leseni ya kazi inayohatarisha wengine. Kuna kipengele kimoja ambacho wengi hawakioni, nami nakiona kuwa chenye busara kuliko vyote: mraibu hapigwi faini ya fedha. Faini ni ya asiye mraibu tu. Waliotunga sheria walijua kwamba teja ukimtoza pesa, atakwenda kuzitafuta kwa njia unayoijua wewe na majirani zako.

Muuzaji hakuguswa. Biashara ya dawa bado ni kifungo cha miaka 4 hadi 12, na kupanda bhangi hata mche mmoja bado ni jinai.

Kilichobadilika kikubwa ni upande wa pili wa mlango. Pamoja na sheria vilikuja vituo vya tiba, methadoni (dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini) inayotolewa mpaka kwenye magari yanayozunguka Lisbon, sindano safi, na wafanyakazi wa kuwafuata watu vijiweni. Maambukizi mapya ya VVU kwa wanaojidunga, yaliyokuwa zaidi ya 1,000 kwa mwaka, yalishuka hadi makumi machache. Wafungwa wa makosa ya dawa, waliokuwa zaidi ya asilimia 40 ya walio magerezani, wakapungua hadi karibu nusu ya sehemu hiyo. Na matumizi hayakulipuka kama wapinzani walivyoonya.

Hata hivyo shemeji asikuambie kwamba "yameisha". Mwaka 2008 mahakama ya juu ilitafsiri kwamba anayezidisha kiasi cha siku 10, hata kama ni chake mwenyewe, amerudi kwenye jinai. Bunge lilikuja kulirekebisha hilo mwaka 2023, likasema gramu ni mwongozo tu. Mwaka 2012, wakati wa kubana matumizi, taasisi iliyoshika kila kitu mkononi, kuanzia kinga hadi tiba, ilivunjwa na tiba ikatawanywa mikoani. Miaka iliyofuata, Porto, wakazi wameanza tena kulalamika kuhusu watu kujidunga barabarani na sindano kutupwa karibu na shule. Msingi wa sheria ni uleule. Kilichopungua ni fedha na watu wa kuifanya ifanye kazi.

Ukitaka kuona sheria isiyo na upande wa pili, tazama jimbo la Oregon, Marekani. Wapiga kura waliondoa jinai Novemba 2020, ikaanza Februari 1, 2021. Anayekutwa na dawa alipewa tiketi ya dola 100, na angefutiwa akipiga simu fulani ya ushauri wa afya. Wengi hawakulipa na hawakupiga. Hakuna aliyewafuata, kwa hiyo tiketi ikawa karatasi ya kutupa. Fedha za tiba, mamilioni ya dola, zilichelewa zaidi ya mwaka mzima kufika kwenye vituo. Na kwa bahati mbaya ndipo fentanili, afyuni ya maabara yenye nguvu mara nyingi kuliko heroini, ilipoenea pwani ile, kwa hiyo vifo vikapanda na si rahisi kuitwisha sheria peke yake lawama hizo. Wananchi walichoka kuona watu wakivuta dawa kwenye foili mbele ya maduka. Septemba 1, 2024 jinai ikarudishwa.

Hapo kaka yako ana hoja, na nisingependa apuuzwe yeye wala wazee wa mtaa. Anayeogopa maskani anaogopa kitu halisi. Sheria nzuri hutenganisha mambo mawili: kuwa na dawa mfukoni, na kuitumia mbele ya watoto wa watu. La kwanza linaweza kutolewa kwenye jinai bila kuliachia la pili.

Suala la gramu nalo linahitaji macho makali, maana hapo ndipo sheria nyingi huharibikia. Mexico iliondoa adhabu kwa mtumiaji mwaka 2009, lakini kiwango cha heroini kikawekwa miligramu 50, sehemu ya 20 ya gramu. Mraibu wa kawaida hununua zaidi ya hiyo kwa siku moja. Kwa karatasi amesamehewa, kwa mizani ni mfanyabiashara. Pwani yetu unga unauzwa kwa kete, na kete ni sehemu ndogo ya gramu, lakini mraibu mkubwa hutumia kadhaa kwa siku na akipata pesa hununua za kesho. Anayeandika rasimu bila kwenda kuuliza kijiweni kete ina uzito gani na watu hununua ngapi ataandika namba ya kupendeza isiyomsaidia mtu. Aseme pia kama karatasi ya kete inapimwa pamoja na unga wake, na kama uzito ni wa mchanganyiko mzima au wa heroini pekee. Mawakili huishi kwenye nyufa hizo.

Na kuhalalisha kabisa, kuuza dukani? Kenya tumeshajaribu, tena si zamani, ila kwa chang'aa. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 ilifuta marufuku yake ya miongo mingi. Ikasema: iuzwe kwenye chupa, kipimo kisichopungua mililita 250, yenye kibandiko cha onyo, na mtengenezaji awe na leseni na atimize viwango. Mama mwenye pipa lake mtaani Mathare, Nairobi, angepata wapi mtambo wa kufungia chupa na ada ya leseni? Mteja wake mwenye shilingi 20 angenunuaje robo lita? Soko la pipa likaendelea vilevile gizani, na Mei 2014 pombe zilizotiwa methanoli ziliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwemo. Kuhalalisha kunakomfungia nje mtengenezaji mdogo na mnunuzi maskini kunaacha soko haramu lilipo. Uruguay waligongwa upande mwingine: bhangi ilipoanza kuuzwa kwenye maduka ya dawa Julai 2017, benki zilitishia kufunga akaunti za maduka hayo kwa kuogopa sheria za kibenki za Marekani. Duka lina leseni ya serikali, halina pa kuweka pesa zake.

Ukanda wetu wenyewe ni ushahidi kwamba mpaka wa halali na haramu huchorwa na watu. Miraa ya Meru inalimwa, inakaguliwa na kusafirishwa kwa stakabadhi. Ukivuka nayo mpaka wa Namanga kuingia Tanzania inaitwa mirungi na inakuweka ndani. Afrika Kusini, mahakama ya katiba iliruhusu Septemba 18, 2018 mtu mzima kutumia na kupanda bhangi faraghani, lakini kuiuza bado ni kosa.

Watu huuliza kama mikataba ya kimataifa inaturuhusu. Kwa kuuza dukani jibu ni gumu: mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 unabakiza dawa hizi kwa tiba na sayansi tu, na bodi ya kimataifa inayousimamia imesema wazi kwamba Kanada imekwenda kinyume. Kwa kuondoa jinai mlango upo. Mkataba wa 1988 unataka kumiliki dawa kwa matumizi binafsi kuwe kosa la jinai, ila "kwa kuzingatia katiba na misingi ya sheria" za kila nchi. Ureno ilipita kwenye ufa huo: ikabakiza marufuku, ikabadilisha aina ya kosa. Kenya na Tanzania zikitaka, zinaweza kupita hapohapo bila kujitoa popote.

Kwa sasa Kenya iko mbali na hapo. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022. Kwa bhangi, mshtakiwa akiiridhisha mahakama kwamba ilikuwa ya kutumia mwenyewe, adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Zingatia nani anabeba mzigo: ni yeye wa kuthibitisha. Kwa heroini adhabu ni kali zaidi na hupanda kwa uzito. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 5, inafanya kosa kumiliki kifaa cha kutumia dawa. Hapo mkono mmoja wa serikali unampiga mwenzake: tangu mwaka 2012 mipango ya afya inawagawia wanaojidunga sindano safi, na askari akizikuta mfukoni ni kielelezo cha kupeleka mahakamani. Kama ningepewa kalamu nibadilishe kitu kimoja tu kesho asubuhi, ningeanza na sindano, kabla hata ya kugusa kete. Halina gharama na halihitaji kamati yoyote.

Nikisema msimamo wangu bila kuzunguka: mtumiaji wa unga atolewe mahakamani, unga usiuzwe dukani, na vyote hivyo vingoje mpaka vitanda na dozi vipo. Mpangilio ndio unaoamua. Ureno walikuja na vyote pamoja. Oregon walitanguliza tiketi.

Tuje kwa kijana wenu, maana yeye hawezi kusubiri bunge. Sehemu kubwa ya kilichowasaidia Wareno ipo Pwani leo. Kenya ilianza kutoa methadoni katika hospitali ya Mathari, Nairobi, mwezi Desemba 2014, Malindi ikafuata 2015, na sasa Kisauni kwenu ipo kliniki, na hata gereza la Shimo la Tewa lina yake. Methadoni ni ya heroini na jamii ya afyuni tu. Kama kijana ana bhangi, kokeini au miraa pekee, haimhusu.

Kwa kawaida hafiki mlangoni peke yake akaandikishwa. Huanzia kwenye kituo cha mtaani cha shirika linalohudumia wanaotumia dawa. Wanamjua, wanampa vikao vya ushauri, halafu wanampeleka. Kliniki itapima mkojo, VVU, homa ya ini B na C, na kifua kikuu. Aseme ukweli kuhusu dawa zote anazomeza. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huiondoa methadoni mwilini haraka, na baadhi ya dawa za VVU kama efavirenzi hufanya vivyo hivyo. Daktari asipojua, kijana atapata arosto (mateso ya mwili kukosa dawa) akiwa kwenye dozi na familia itadhani anadanganya.

Dozi ya kwanza huwa miligramu 15 hadi 30, akinywa mbele ya muuguzi. Hupandishwa polepole, 5 au 10 kila baada ya siku kadhaa, mpaka afike panapomtosha, kwa wengi kati ya 60 na 120. Wiki mbili za kwanza ndizo zinazovunja watu moyo: dozi bado ndogo, mwili unadai, naye anaongezea kete pembeni. Ndizo hatari pia, kwa sababu methadoni hujikusanya mwilini siku hadi siku. Pombe, au vile vidonge vya usingizi vijana wanavyoviita bugizi, vikiongezwa hapo, pumzi husimama usingizini. Mtu wa nyumbani ajue hivyo. Akikoroma kwa namna ya ajabu, midomo ikibadilika rangi na haamki, msimwagie maji wala kumpa maziwa. Mlazeni ubavu, msaidieni kupumua, mkimbizeni hospitali. Dawa ya nalokisoni humrudisha, lakini nguvu yake huisha ndani ya saa moja au zaidi kidogo, na methadoni hudumu zaidi ya siku. Kwa hiyo hata akiamka akisema yuko sawa, aendelee hospitali.

Dozi ni kila siku, Jumapili na Idd zikiwemo. Akikosa siku tatu mfululizo, kliniki nyingi humpima upya na kushusha dozi. Akikosa tano au zaidi, huanza karibu upya, maana dozi ya zamani inaweza kumuua. Kumbuka pia kwamba huduma hii imetegemea sana fedha za Marekani, na zilipoyumba mwanzoni mwa 2025 vituo vya mtaani ndivyo vilivyoumia kwanza. Ulizeni mapema kama kituo chenu kiko wazi, na namba ya muuguzi muwe nayo ninyi, isiwe kwenye simu ya kijana peke yake.

Akishikwa tena, saa zinahesabika. Arosto ya heroini huanza saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, hufika kilele siku ya pili na ya tatu. Ya methadoni huchelewa kuanza lakini hudumu zaidi. Abebe kadi ya kliniki siku zote. Mtu wa familia aende kituoni siku hiyohiyo na barua fupi kwa mkuu wa kituo ikitaja kwamba yuko kwenye tiba, kliniki gani, na saa ya dozi. Mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Mkifika mahakamani, wakili aiweke hoja hiyo kwenye ombi la dhamana, na akikosa dhamana, aombe amri apelekwe panapotolewa methadoni. Hakimu anaruhusiwa pia na sheria kumwelekeza mraibu aliyepatikana na hatia kwenye kituo cha marekebisho. Hafanyi hivyo bila mtu kumwomba.

Na lile la kutoka hoi kuliko alivyoingia: wiki tatu bila unga, mwili wake ulikuwa umesahau kuuhimili. Kete mbili zilizomtuliza kabla ya kukamatwa zinaweza kumuua siku ya kutoka, na wiki mbili za kwanza nje ndizo zenye vifo vingi. Siku ya kutolewa msimwache apande matatu peke yake. Mmoja wenu awe getini, na kutoka hapo waende kliniki kabla ya nyumbani.